Namna ya Kuchagua Kitabu cha Mwongozo kwa Safari ya Nchi ya Kigeni

Rafu moja ya duka la vitabu inaweza kubeba vitabu vinne au vitano kuhusu nchi moja ileile, vyote vikiwa na picha ya kuvutia jaladani, na kila kimoja kikidai kuwa hicho tu kinamtosha msafiri. Kwa nje havitofautiani sana. Kwa ndani, kimoja kimeandikwa kwa mtu mwenye gari la kukodi, kingine kwa kijana anayelala hosteli, kingine kwa mpenzi wa makanisa na makumbusho, na kingine kimeandikwa ili kiuzwe tu. Mwongozo huu unaeleza hatua za kuvitenganisha kabla hujalipa, kwa kuvipima kwa maswali ya safari yako mwenyewe.

Wapo wanaoona kwamba simu imemaliza kazi ya vitabu hivi. Simu hujibu haraka kile ulichouliza, lakini haikudokezi jambo ambalo hukujua kwamba linapaswa kuulizwa, kwa mfano kwamba kivuko cha kwenda kisiwani husafiri mara mbili tu kwa wiki, au kwamba monasteri unayoifuata milimani hufungwa msimu mzima wa theluji. Msafiri wa busara hutumia vyote viwili, na kwa kuwa kitabu ndicho kinacholipiwa na kubebwa, ndicho kinachostahili kuchaguliwa kwa makini.

Hatua ya kwanza: andika safari yako kabla ya kutazama vitabu

Andika kwenye karatasi siku utakazokaa, miji utakayolala, namna utakavyosafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine, watu utakaofuatana nao, na jambo moja au mawili ambayo usipoyafanya utaona safari imepotea bure. Mtu anayekwenda kupanda milima na mtu anayekwenda kutazama michoro ya kale wanaweza kutua katika uwanja mmoja siku moja, na bado kitabu cha mmoja kisimfae mwenzake hata kidogo. Usiitupe karatasi hiyo, maana utaihitaji tena mwishoni.

Karatasi hiyohiyo itakusaidia kuamua ukubwa wa eneo ambalo kitabu kinapaswa kulieleza, na hapa hesabu ndogo inafaa kuliko sifa za jaladani. Kitabu cha kurasa 800 kinachoeleza nchi kumi kinaipa kila nchi kurasa 80 kwa wastani. Ukiondoa picha, historia na maelezo ya jumla, huenda zikabaki kurasa 60 za kukuongoza, na mji mkuu utachukua sehemu kubwa ya hizo, huku mji mdogo unaotaka kukaa siku nne ukiambulia aya mbili. Kitabu cha eneo zima kinamfaa anayepita nchi nyingi kwa haraka. Anayekaa wiki mbili katika nchi moja atafute kitabu cha nchi hiyo, na anayekaa wiki nzima katika mji mmoja atafute kitabu cha mji huo, kwa kuwa vitabu vya nchi mara nyingi huchora ramani ya katikati ya mji tu na kuiacha mitaa ya pembeni.

Hatua ya pili: ijue tabia ya kila mfululizo

Vitabu vya mwongozo huchapishwa kwa mifululizo, na kila mfululizo una tabia yake, nyingi zikitokana na waanzilishi. Mtindo wa kisasa ulianza miaka ya 1830, John Murray wa London na Karl Baedeker wa Koblenz walipoanza kutoa vitabu vilivyomwezesha mgeni kujitegemea bila kuajiri mwongozaji. Mwaka 1900 kampuni ya matairi ya Michelin ilitoa kitabu cha bure kwa wenye magari nchini Ufaransa, kikionyesha mahali pa kupata mafuta, matengenezo, chakula na malazi, na hadi leo vitabu vyake bado vina harufu ya barabara: chekundu kinahusu migahawa na hoteli, na cha kijani kinahusu vivutio, vikipewa nyota moja kwa kinachovutia, mbili kwa kinachostahili kukuchepusha njia, na tatu kwa kinachostahili safari yake chenyewe. Mwaka 1957 Arthur Frommer aliwaonyesha Wamarekani jinsi ya kuizunguka Ulaya kwa dola 5 kwa siku. Kisha ikaja miaka ya 1970 na vijana wenye mikoba mgongoni: Lonely Planet ya Tony na Maureen Wheeler nchini Australia na Guide du Routard nchini Ufaransa, yote miwili mwaka 1973, ikafuatiwa na Bradt mwaka 1974, na Rough Guides mwaka 1982 kwa kitabu cha Ugiriki.

Ukitaka majibu ya usafiri, malazi ya bei nafuu na chakula, anza na Lonely Planet, Rough Guides au Routard. Ukienda nchi ambayo wachapishaji wengine huipuuza, Bradt ndiyo ya kutafutwa kwanza, kwa kuwa imejijengea jina kwa kuzipa nchi za namna hiyo kitabu kizima. Blue Guides, ulioanza mwaka 1918, ni mfululizo wa mtu anayetaka kujua nani aliichora dari ya kanisa na nani alimlipa. Atakayetafuta hosteli ndani yake atachoka. DK Eyewitness, tangu mwaka 1993, huchora majengo kana kwamba yamepasuliwa katikati ili uone ndani, jambo linalowafurahisha watoto na watu wanaopenda kuona kabla ya kusoma, ingawa kwa miaka mingi maneno yake yalikuwa machache na karatasi yake nzito. Insight Guides, ulioanza mwaka 1970 na kitabu cha Bali, husomeka vizuri ukiwa bado nyumbani.

Hata hivyo, jina la mfululizo si dhamana ya milele. Lonely Planet pekee iliuzwa kwa BBC Worldwide kuanzia mwaka 2007, kisha kwa NC2 Media mwaka 2013, kisha kwa Red Ventures mwaka 2020, na mifululizo kadhaa imepunguza orodha za hoteli na migahawa katika matoleo ya karibuni na kuongeza picha na ratiba za mfano. Mtu aliyekipenda kitabu cha mfululizo fulani miaka kumi na tano iliyopita asidhani kwamba atakutana na kitabu cha aina ileile.

Hatua ya tatu: soma ukurasa wa hakimiliki

Ukurasa huu ndio wenye maana kubwa kuliko yote dukani, na ndio usiosomwa na watu. Tafuta mambo mawili: mwaka wa toleo, na kama kitabu ni toleo jipya au ni toleo la zamani lililopigwa chapa tena. Kitabu kilichopigwa chapa tena hubeba habari zilezile kwenye karatasi mpya, na duka la mtandaoni wakati mwingine huonyesha tarehe ya chapa hiyo kana kwamba ni tarehe ya maandishi. Zaidi ya hayo, mwandishi hufanya kazi yake nchini humo miezi mingi kabla kitabu hakijafika dukani, kwa hiyo kitabu kilichotoka mwaka huu kwa kawaida kinaieleza nchi ya mwaka jana au wa juzi.

Njia ya haraka ya kupima umri halisi wa habari ni kutafuta mabadiliko makubwa ya hivi karibuni katika nchi unayokwenda, kisha kutazama kama kitabu kinayajua. Ukienda Istanbul, fungua sehemu ya kufika mjini: safari za abiria zilihama kutoka uwanja wa Atatürk kwenda uwanja mpya mwezi wa Aprili 2019, na kitabu kinachokutua Atatürk kirudishe rafuni. Kwa Berlin, angalia kama kinaujua uwanja wa Brandenburg uliofunguliwa Oktoba 2020. Kwa Kroatia, angalia sarafu: tangu 1 Januari 2023 nchi hiyo inatumia yuro, na siku hiyohiyo iliingia katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokagua pasipoti kwenye mipaka kati yao, hivyo kitabu kinachotaja bei kwa sarafu ya zamani, iliyoitwa “kuna”, kimepitwa katika sarafu na hata katika taratibu za mpakani. Kwa Kazakhstan, tazama jina la mji mkuu, ulioitwa Nur-Sultan kuanzia mwaka 2019 na kurudishiwa jina la Astana mwaka 2022.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni tiketi ya reli ya Japani wanayouziwa watalii, inayomwezesha mwenye nayo kupanda treni nyingi kwa siku kadhaa bila kulipia kila safari. Kwa miaka mingi vitabu vilishauri kila mgeni ainunue, na ushauri ulikuwa sahihi: ya siku saba, daraja la kawaida, iliuzwa yeni 29,650, ilhali safari ya treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo hadi Kyoto na kurudi pekee ilikaribia bei hiyo. Oktoba 2023 bei ilipandishwa hadi yeni 50,000. Mgeni anayekwenda Kyoto na kurudi tu sasa atapata hasara akiinunua, lakini kitabu kilichoandikwa kabla ya hapo bado kitamshauri aikate kabla ya kuondoka kwao. Sentensi haina kosa la lugha, ramani ziko sawa, mwandishi ni hodari. Umri peke yake umegeuza ushauri mzuri kuwa mbaya.

Habari zote hazizeeki kwa kasi moja. Bei, saa za kufunguliwa, ratiba za mabasi na majina ya migahawa huoza haraka. Historia, sanaa, jiografia na maelezo ya mahekalu hudumu. Kwa sababu hiyo, kitabu cha sanaa na majengo unaweza kukinunua mkononi kwa mtu hata kikiwa na miaka ishirini, ila kitabu cha malazi na usafiri kisizidi miaka miwili au mitatu. Mimi mwenyewe niliwahi kutembea dakika arobaini kwenye mteremko wa mawe, begi likiniuma mabegani, nikitafuta nyumba ya wageni iliyosifiwa kwa bustani yake ya machungwa, nikaikuta imegeuzwa benki. Michungwa ilikuwepo. Kitabu nilikiazima kwa rafiki na sikuwa nimetazama mwaka wake.

Hatua ya nne: mjue aliyeandika

Kitabu cha kuaminika humtaja mwandishi na kueleza uhusiano wake na nchi: ameishi huko miaka mingapi, anazungumza lugha gani, na nani aliyehuisha toleo hili. Mwandishi mmoja aliyeishi nchini muda mrefu ana sauti na msimamo, ingawa anaweza kuwa na mapenzi yaliyopitiliza kwa mkoa wake. Timu ya waandishi kumi hufika kila pembe, ila sura moja inaweza kuwa bora na inayofuata ya kulipua tu. Kwa hiyo soma sura ya mkoa utakaokwenda, usisome utangulizi.

Tafuta ukali. Mwandishi anayekuambia kwamba kivutio fulani maarufu hakistahili nusu siku yako, au kwamba soko fulani lifikwe alfajiri kwa kuwa baada ya saa tatu hujaa makundi ya watalii, amefika pale. Mwandishi ambaye kila ufukwe kwake ni wa kuvutia na kila mgahawa una chakula kitamu hajakusaidia kuchagua chochote.

Kipimo bora zaidi ninachokijua ni kusoma kitabu cha mfululizo huohuo kuhusu mji unaoufahamu wewe. Wachapishaji wakubwa wana vitabu vya nchi nyingi, na duka au maktaba yenye kitabu cha nchi unayokwenda huenda ina pia cha nchi unayoishi. Soma kurasa tano. Je, kimetaja mahali ambapo wenyeji huenda kweli? Je, njia iliyoelekezwa inapitika? Je, onyo la usalama ni la kweli, au ni la mtu aliyeogopa asichokijua?

Umakini huu umekuwa wa lazima zaidi kwa sababu ya vitabu bandia. Mwaka 2023 gazeti la New York Times liliripoti juu ya wimbi la vitabu vya mwongozo kwenye duka la mtandaoni la Amazon vilivyoelekea kutungwa na programu za akili unde, vikiwa na waandishi wasiojulikana popote na maoni ya sifa yenye kutiliwa shaka. Bei yake huwa ya chini na jalada lake hupendeza. Dalili zake zinafanana: mwandishi hana habari zozote nje ya duka hilo, au ametoa vitabu vya nchi nyingi ndani ya wiki chache, ramani hakuna, anwani na namba za basi hakuna, na maelezo ni ya jumla kiasi kwamba ukibadilisha jina la mji, aya bado inafaa. Soma kwanza maoni ya wanunuzi waliotoa nyota moja, kwa kuwa mara nyingi hao ndio waliokifungua kitabu.

Hatua ya tano: pima ramani

Ramani hazipimwi kwa wingi. Angalia kama ina kipimio, kwani bila hicho huwezi kujua kama hoteli iko umbali wa dakika tano au hamsini. Angalia kama stesheni ya treni na kituo cha mabasi vimo, kwa kuwa ndiko utakakoanzia, na kama namba za ramani zinarudi kwenye maandishi bila kukulazimisha kufunua huku na huko. Kisha kifungue kitabu hadi mwisho: ramani iliyotandazwa kurasa mbili mara nyingi hupoteza mtaa mzima kwenye mshono wa katikati, na kwa kawaida ndio mtaa unaoutafuta.

Katika nchi zenye hati yake ya maandishi, kama Japani, Thailand au Georgia, dai zaidi ya hapo. Majina ya mahali yaandikwe kwa herufi za wenyeji kando ya herufi za Kilatini. Kama hayapo, utamsomea dereva wa teksi jina la hoteli kwa matamshi yako, naye atatikisa kichwa kwa adabu. Kama yapo, utaweka kidole chini ya neno na gari litaondoka. Jambo hili dogo limeniamulia ununuzi zaidi ya mara moja.

Hatua ya sita: jua kitabu kimeandikiwa nani

Vitabu vingi vya Kiingereza huandikwa kwa kumfikiria msomaji wa Uingereza, Marekani, Ulaya au Australia. Sehemu inayosema kwamba viza haihitajiki, au inatolewa uwanjani, inazungumzia pasipoti za nchi hizo, na mwenye pasipoti nyingine akiitegemea anaweza kuzuiwa kabla ya kupanda ndege. Masuala ya viza na chanjo yathibitishe kwa ubalozi wa nchi unayokwenda, hata kama kitabu kimetoka wiki iliyopita. Vivyo hivyo, neno “rahisi” katika orodha ya hoteli ni rahisi kwa mfuko wa msomaji aliyekusudiwa. Tafuta ukurasa unaoeleza alama za bei na usome viwango vyenyewe.

Kama unasoma lugha zaidi ya moja, rafu yako ni pana kuliko unavyodhani. Kwa nchi za Afrika zinazozungumza Kifaransa, mfululizo wa Petit Futé una vitabu vya nchi ambazo kwa Kiingereza hazina chochote kipya, na wanaosoma Kijerumani wana Reise Know-How, wenye maelezo mengi ya vitendo.

Hatua ya saba: karatasi au kielektroniki

Kitabu cha kielektroniki hakina uzito na hutafutika kwa neno, ila ramani zake mara nyingi hugawanyika vipande vidogo visivyosomeka kwenye kioo cha simu. Kabla ya kununua, pakua kionjo cha bure, na ujue kwamba kwa kawaida kionjo huishia kwenye kurasa za mwanzo zenye picha, hivyo hakikuonyeshi ramani wala sura ya mkoa wako. Kama unakwenda mahali pasipo umeme wa uhakika, chukua karatasi. Kitabu kinene hakina haja ya kubebwa chote. Wasafiri wazoefu hukata kurasa za mikoa watakayopita na kuzibana kwa klipu. Inauma mara ya kwanza.

Kwa habari zinazobadilika upesi, ongeza Wikivoyage, mwongozo wa bure unaoandikwa na wasafiri wenyewe na ulio chini ya Wikimedia, shirika la Wikipedia, tangu mwaka 2013. Unaweza kuupakua na kuusoma bila intaneti, ingawa ubora wake hutofautiana sana kati ya mji na mji.

Hatua ya mwisho: vipe vitabu mtihani mmoja

Sasa chukua ile karatasi ya hatua ya kwanza, dukani au maktabani, pamoja na vitabu viwili au vitatu vilivyobaki. Viulize vyote maswali matatu yaleyale, ukikipa kila kimoja dakika tano. La kwanza liwe la kuwasili: ndege inatua saa nne usiku, huna sarafu ya nchi hiyo, na mvua inanyesha, unafikaje kitandani, na kwa gharama gani? La pili liwe la kutoka mji mmoja hadi mwingine katika ratiba yako, hasa kipande kile kinachokutia wasiwasi. La tatu lihusu lile jambo moja ulilosema usipolifanya safari imepotea.

Tazama pia muda unaoupoteza kutafuta. Faharasa nzuri hukufikisha ukurasani kwa sekunde chache. Faharasa mbovu huliweka kanisa chini ya jina la mtakatifu kwa lugha usiyoijua. Kitabu kinachokupa jibu la kuwasili lenye namba ya basi, saa ya basi la mwisho na mahali pa kununua tiketi kimeshakizidi kile kinachosema kwamba usafiri wa kwenda mjini ni rahisi na wa aina nyingi.

Kikipatikana kilichojibu mawili kati ya matatu kwa ukamilifu, kabla ya kulipa tembelea tovuti ya mchapishaji uone kama toleo jipya limetangazwa kutoka kabla ya tarehe yako ya safari. Likiwa limetangazwa, subiri. Kama halipo, nunua ukiwa na miezi miwili hivi mbele yako, muda unaotosha kukisoma chote na kupiga mstari penye mambo ya kuthibitisha kwa simu au kwa ubalozi, huku habari zake zikiwa bado hazijachakaa zaidi.